Ukarabati wa Nyumba ya Kale: Kwa Nini Tuanze na Paa?



Familia nyingi hapa Unguja zimerithi nyumba za mawe zilizojengwa na mababu. Fedha za kuzitengeneza huja kidogo kidogo, na swali la kwanza huwa lilelile: tuanze wapi? Wengi huanza na rangi na milango, kwa kuwa ndivyo anavyoviona mgeni. Makala hii inaeleza kwa nini yatupasa kuanza na paa.

Nyumba hizi zimejengwaje?

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Juu yake hulazwa boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba huwa vyembamba. Katika Mji Mkongwe, nyumba nyingi zilikuwa na paa bapa la mawe na chokaa, na baadaye zikaezekwa mabati.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, hivyo hunywa maji. Chokaa nayo hupitisha unyevu, kwa hiyo ukuta uliolowa hukauka wenyewe. Lakini maji yakiingia kutoka juu kila msimu, udongo huoshwa, chokaa hulegea, na ncha za boriti zilizofichwa ukutani huoza bila mtu kuona. Boriti ikikatika, hata ukuta hukosa wa kuushika.

Hatari hii si ya kufikirika. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, lilianguka sehemu mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa iliporomoka na watu wawili wakafariki. Nyumba ya kale haitaki kufanyiwa haraka.

Kazi ya paa kwa hatua

Kwanza, kagua wakati wa mvua. Weka alama kila panapovuja, kisha panda darini, kwa sababu tone huweza kuangukia mbali na tundu lake.

Pili, chunguza miti. Choma ncha za boriti na kenchi kwa kisu; kikizama kwa urahisi, mti umeoza au umeliwa na mchwa.

Tatu, kabla ya kuondoa boriti yoyote, tegemeza dari kwa nguzo. Badilisha moja moja, usifumue zote kwa pamoja.

Nne, ezeka. Karibu na bahari bati huliwa na chumvi upesi. Misumari ipigwe mgongoni mwa bati, si bondeni ambako maji hupita. Upenu utoke nje vya kutosha ili maji yasichuruzike ukutani.

Tano, ndipo uje kwenye kuta. Usizipige lipu ya saruji: saruji ni ngumu na huufungia unyevu ndani, mwisho lipu hubanduka pamoja na jiwe. Tumia chokaa, wala usichanganye na mchanga wa pwani wenye chumvi.

Kazi hii ifanyike wakati wa kaskazi, kabla masika hayajaanza mwezi Machi, au wakati wa kipupwe.

Nyumba ya bibi

Familia yetu ilikabiliwa na jambo hili katika nyumba ya bibi, Mangapwani. Fedha zilitosha jambo moja tu. Wengine walitaka rangi, kwa kuwa kulikuwa na arusi. Fundi, mzee Mwislamu wa kijijini, alisema: "Wanangu, mkipaka rangi chini ya paa hili, mnaipakia mvua." Bibi naye akamaliza: "Wageni watalala usiku mmoja, mimi nalala hapa kila siku." Tukaezeka. Kuta mpaka leo hazijapakwa rangi, lakini zimekauka, na bibi hasogezi tena kitanda mvua inaponyesha.

Katika somo la falsafa tunajifunza kwamba Aristotle alipotaka kueleza nyumba ni nini, hakuishia kwenye mawe na mbao. Alitaja pia kazi yake: kuwakinga watu na upepo, mvua na joto. Mawe yanaweza kuwapo yote, lakini kama hayamkingi mtu, bado hatujapata nyumba. Kitabu cha Mhubiri (10:18) nacho kinaonya kwamba kwa uvivu paa hubonyea na nyumba huvuja. Paa haliharibiki siku moja. Huharibika kwa kila masika tuliyosema "mwakani".

Basi, mwenye nyumba ya kale, kabla ya kununua rangi, inua macho juu. Na kama jirani yako ni mzee asiyeweza kupanda ngazi, vijana wa jumuiya waende wakamkagulie paa lake. Hilo nalo ni tendo la huruma.