Vifaranga vya kwanza nyumbani: baridi inaviua, lakini mbabula inaweza kuua na watu

Hapa Bukavu mambo inaanza karibu kila mara vile vile. Mama ametosha franga za likelemba, ao baba amekata kidogo kwa zile za minervali, wananunua vifaranga 50 vya siku moja. Vinafika nyumbani mangaribi ndani ya kartoni yenye matundu, vyote vizima, vinalia, watoto wa parseli nzima wanakuja kuangalia. Siku ya tatu kimoja kinalala upande. Siku ya nne vinakufa sita, siku ya tano kumi. Jirani mmoja anasema ni ugonjwa, mwingine anasema ni jicho baya, na muuzaji anasema yeye aliuza vitu vizima.

Na mara mingi muuzaji hadanganyi. Katika ile wiki ya kwanza, kinachoua sana ni baridi. Kifaranga cha siku moja hakina manyoya ya kweli, kina ile nyoya laini tu, na mwili wake hauwezi bado kujitengenezea joto ya kutosha. Siku za kwanza kinahitaji digri 32 mpaka 35. Bukavu tuko karibu metre 1.500 juu ya bahari, na usiku joto inaweza kushuka mpaka karibu digri 15. Hesabu mwenyewe.

Shida ni kwamba baridi haiui palepale. Kifaranga kinazaliwa na kiini cha yai ndani ya tumbo, ndicho kinakilisha siku mbili ao tatu za kwanza. Ndiyo sababu kinaweza kusafiri mbali bila kula. Kikipigwa na baridi usiku wa kwanza, hakitembei tena, hakitafuti chakula wala maji. Kile kiini kikiisha, kinaisha nacho. Kwa hiyo kifo cha siku ya nne kilianza usiku ule wa kwanza, na wewe uko mbioni kununua dawa.

Basi weka joto mbele ya kununua vifaranga. Tayarisha mahali, washa moto masaa machache kabla, ndiyo uende kuvichukua. Mahali penyewe pawe pa mviringo: kata kartoni ndefu ao chukua mukeka, uizungushe. Kwenye kona vinarundikana, vya juu vinakandamiza vya chini, asubui unakuta vile vya chini vimekosa hewa. Kwa vifaranga 50, wiki ya kwanza metre moja ya mraba inatosha, kisha unapanua. Chini weka maranda ya mbao, urefu wa vidole vitatu hivi. Unga laini wa msumeno hapana, vinaula. Gazeti peke yake pia hapana: linateleza, miguu inafunguka huku na huku na kifaranga hakisimami tena.

Usihangaike sana na kipima joto. Angalia vifaranga vyenyewe, na uviangalie usiku, si saa sita ya mchana. Vikijibana pamoja karibu na moto na kulia kwa nguvu, viko na baridi. Vikikimbia mbali na moto, vimefungua mdomo na mabawa, joto imezidi. Vyote vikisongamana upande mmoja, kuna upepo unaingia kwa upande mwingine, utafute tundu. Vikitawanyika, vingine vinakula, vingine vimelala, sauti ni ndogo, hapo uko sawa, nenda ulale.

Sasa joto itatoka wapi? Wenye kuran wanatundika ampule. Lakini angalia ni ampule gani: zile za sasa, za kupunguza kuran, zinatoa mwangaza bila joto. Mtu anaona pamewaka vizuri, anafurahi, vifaranga vinaganda chini ya mwangaza. Inahitajika ampule ya zamani yenye waya ndani, ile inayounguza mkono, ao ampule nyekundu ya kufugia. Na kuran yetu tunaijua: inakatika saa nne ya usiku na hakuna mtu anakuambia itarudi saa ngapi. Mwenye kutegemea ampule tu amecheza bahati nasibu.

Wengi wanabaki na mbabula ya makala, na hapa tuongee wazi. Makala yakiisha kutoa moshi, watu wanaamini hakuna tena hatari. Si kweli. Makala mekundu, yasiyo na moshi, yanatoa hewa yenye haina rangi wala harufu, na inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi mzito, na akiwa amelala hasikii kitu. Nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja ao viwili. Vifaranga vinawekwa pale watoto wanalala, mlango unafungwa juu ya wezi, dirisha linazibwa juu ya baridi. Hiyo mbabula inaweza kuzima nyumba nzima usiku mmoja. Na kwa nyumba za mbao za Kadutu, cheche moja kwenye maranda makavu, hatuna haja ya kueleza moto unafanya nini.

Kwa hiyo mbabula isiingie kamwe katika chumba chenye mtu analala. Vifaranga vikae jikoni, kama iko mbali na chumba cha kulala, na juu ya ukuta kuwe nafasi wazi ya hewa kupita, kwani na wao wanakufa kwa hewa ile. Izungushe matofali ili maranda yasiifikie. Kama hauna jiko la mbali, acha mbabula, chukua bidoni.

Bidoni ya litre 10 ijazwe maji ya moto, ifungwe vizuri, ivishwe kitenge kizee ao blanketi, ilazwe katikati. Vifaranga vinajibandika kwake kama kwa mama yao. Inapoa, ndiyo; unabadilisha kila masaa manne hivi, kwa hiyo kuwa na bidoni mbili na termosi. Juu yake funika na neti ao kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Neti itasaidia pia kwa panya na paka. Ni kazi ya kuamka usiku, lakini ni wiki chache tu. Kila wiki unapunguza karibu digri 3, na kwenye wiki ya tano, manyoya yakishaota, vinajitegemea.

Mwenye kuanza kabisa anunue 10 tu, na aombe kwa jirani kuku wa kienyeji anayelalia mayai. Usiku, katika giza, unatosha mayai polepole na kuingiza vifaranga vya siku moja chini yake. Asubui, mara mingi, kuku anavikubali. Hakuna ampule inayomshinda huyo.

Mengine kwa ufupi. Vikifika, maji kwanza, ya vuguvugu, na sukari kidogo. Chovya mdomo wa kila kimoja. Chakula kiwe cha vifaranga, si bugali ya jana. Vya mayai vinakula karibu kilo 1 kila kimoja kwa wiki tano za kwanza, maana vifaranga 50 ni mfuko mmoja wa kilo 50; uwe nao kabla. Maranda yakilowana yatoshe siku hiyo hiyo. Ukiona mavi yenye damu, sana sana kuanzia wiki ya tatu, kimbia kwa veterineri.

Chanjo ya Newcastle inatolewa karibu na siku ya saba, na inarudiliwa wiki mbili nyuma. Ikae katika baridi mpaka dakika ya kuitumia. Ya kunywa usiichanganye na maji ya Regideso moja kwa moja, dawa ya ndani ya maji inaiharibu. Na kwa sababu chupa moja ina dozi mia ao zaidi, na ikifunguliwa haikai mpaka kesho, heri mpatane majirani watatu ao wane, mchukue vifaranga siku moja na mumwite veterineri mara moja.