Jina na Shamba: Kutambua Chimbuko la Divai Ujerumani na Austria

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jina la shamba la mizabibu linavyotambuliwa na kuthibitishwa nchini Ujerumani na Austria. Suala hili lamhusu pia mwanafunzi wa lugha, kwani ladhihirisha kwamba majina mawili yaweza kufanana kimuundo ilhali virejelewa vyake vimeachana kama mbingu na ardhi.

Tuanze na sarufi. Kijerumani huambatisha kiambishi -er kwenye jina la kijiji, kikafanya kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa kihusishi -a. Piesporter Goldtröpfchen, katika bonde la mto Mosel, ni "Matone Madogo ya Dhahabu ya Piesport". Hilo ni shamba mahususi, lililo kwenye mteremko mkali juu ya mto. Piesporter Michelsberg, yaani "Mlima wa Mikaeli wa Piesport", lina muundo uo huo. Hata hivyo, sheria ya divai ya 1971 ililifanya kuwa jina la eneo kubwa, linalojumuisha mashamba ya vijiji vingine, kama vile Minheim na Trittenheim. Hivyo, mnunuzi angeweza kudhani amepata zao la Piesport, kumbe sivyo. Mkulima wa mteremkoni naye, apandaye na kushuka kwa jasho, alishindana na jina lililofanana na lake. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

Je, ukweli wathibitishwaje? Kwanza, tutazame kijiji. Sonnenuhr, yaani "saa ya jua", ni jina la shamba huko Wehlen na pia huko Zeltingen. Bila kijiji halijitoshelezi. Pili, jina lilinganishwe na daftari rasmi la mashamba pamoja na ramani. Ramani ya kodi ya Mosel na Saar, iliyochapishwa mwaka wa 1868, yaonyesha miteremko iliyothaminiwa kabla ya mipaka kupanuliwa mwaka wa 1971. Tatu, tukumbuke kwamba namba rasmi ya ukaguzi kwenye chupa ya Kijerumani humtambulisha aliyeijaza na divai iliyopimwa. Haitoshi peke yake kuonyesha ukubwa wa eneo lililotajwa.

Austria ilitatua utata huu kwa neno moja: Ried, linalotangulia jina la shamba mahususi. Tangu mavuno ya 2016, neno hilo ni la lazima. Ujerumani nayo ilirekebisha sheria yake mwaka wa 2021. Kuanzia mavuno ya 2026, jina la eneo kubwa hutakiwa litanguliwe na neno Region.

Kwa kuhitimisha, chupa za zamani zingalipo ghalani na lebo zake hazibadiliki. Anayezisoma hana budi kuuliza kila mara: jina hili lataja shamba, au lataja eneo lililovikwa jina la kijiji?