Maji Safi na Maji Salama: Ubora wa Maji Hupimwaje?

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno 'safi' na 'salama' hutumiwa kana kwamba ni visawe. Hata hivyo, Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayompa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama, imeyataja yote mawili, wala si kwa kupamba lugha. Usafi huonekana kwa macho, ilhali usalama hauna budi kupimwa. Makala haya yanafafanua jinsi upimaji huo unavyotofautiana katika mito, mabwawa na maji ya ardhini.

Mto ni maji yanayosafiri, hivyo sampuli moja haitoshi. Mto Nairobi hupita jijini, hujiunga na Mto Athi, na maji yake huingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Sampuli huchukuliwa kabla ya mto kuingia mjini na baada ya kutoka, masika na kiangazi, ili ijulikane uchafu umeingilia wapi. Kipimo muhimu hapa ni oksijeni iliyoyeyuka majini. Bakteria wanaoozesha majitaka huitumia hewa hiyo, nayo ikipungua mno samaki hufa.

Bwawani maji yametulia. Katika bwawa kama Masinga, lililo kwenye Mto Tana, maji hupimwa katika vina mbalimbali, kwani yaliyo chini yanaweza kukosa oksijeni hata kama ya juu yanayo. Aidha, huchunguzwa tope na virutubishi vinavyosombwa kutoka mashambani. Naitrojeni na fosforasi hustawisha mwani, na baadhi ya aina zake hutoa sumu.

Maji ya ardhini ndiyo yanayohadaa zaidi. Huchujwa na udongo, yakatoka kisimani yaking'aa. Lakini katika sehemu za Bonde la Ufa, zikiwemo za Nakuru, miamba ya volkano huyatia floridi. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huota madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuiondoi floridi. Maji yanapopungua kwa mvuke, ukali wake huongezeka. Mojawapo ya dawa zake ni kuyachuja kwa makaa ya mifupa.

Kwa hivyo, mama anayeambiwa tu 'chemsha maji yawe salama' amepewa nusu ya ukweli. Ushauri huo unafaa dhidi ya bakteria wa kinyesi, ambao hawapaswi kupatikana hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa, wala haufai dhidi ya floridi. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu. Anapotafsiri bango au taarifa ya kisima, asiridhike kuandika 'maji safi'. Aeleze yamepimwa nini, lini, na matokeo yalikuwa yapi.