Mgeni wa Istanbul: Atazame Nini, Arudi na Nini

Iguguno ni mji mdogo wa Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida, kando ya barabara kuu iendayo Nzega na Mwanza. Mchana kutwa mabasi na malori hupita hapa, na wananchi wetu huwauzia wasafiri vitunguu, kuku na mafuta ya alizeti. Sisi wa Iguguno tumezoea kuwatazama wengine wakisafiri. Kwa hiyo twajua kumtofautisha msafiri mwenye macho na msafiri mwenye mizigo tu.

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja wa Unguja aliyefuata vitunguu. Baada ya kuniamkia "Shikamoo, mjomba," alinieleza kwamba akiuza shehena ile atakwenda Istanbul, Uturuki, kwa mara ya kwanza, kununua nguo za jumla katika mtaa wa Laleli. Sehemu ya mtaji ni jasho lake. Sehemu nyingine ni mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa ambamo mama yake ni mwanachama. Atakaa siku tano. "Biashara naijua, mjomba," akasema, "lakini nikiwa huko, nitazame nini?"

Swali hilo lilinifurahisha, kwani ni nadra kulisikia hata kwa baadhi yetu tunaosafiri kwa fedha za umma. Namjibu hapa hadharani, ili jibu liwafae pia ndugu wengine wa Visiwani na watumishi wa Serikali wanaojiandaa kwa safari kama hiyo.

Kwanza, ajue aendako. Istanbul si makao makuu ya Uturuki. Makao makuu ni Ankara tangu mwaka 1923. Lakini ndiyo mji mkubwa kuliko yote ya nchi ile, wenye watu zaidi ya milioni 15, na umekaa juu ya mabara mawili, Ulaya na Asia, yaliyotengwa na mlango wa bahari uitwao Bosphorus. Habari za viza aziulize mapema katika Ubalozi wa Uturuki uliopo Dar es Salaam, wala asitegemee maneno ya barazani. Saa yake ya mkononi haina haja ya kuigeuza, kwa maana tangu mwaka 2016 saa za Uturuki ni sawa na zetu mwaka mzima. Baridi, hata hivyo, si sawa na yetu. Mwezi Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na theluji huweza kuanguka. Anayedhani upepo wa Singida ndio mwisho wa baridi atajuta asipochukua koti.

Pili, apange siku zake. Kasri la Topkapi hufungwa Jumanne. Soko Kuu lililoezekwa, lenye njia zaidi ya 60 na maduka yapatayo 4,000, hufungwa Jumapili. Ijumaa mchana misikiti mikubwa haipokei watalii, bali waumini. Mwenye siku tano asiyeyajua haya aweza kupoteza mbili mbele ya milango iliyofungwa. Anunue pia kadi ya usafiri iitwayo Istanbulkart. Kadi hiyo moja humpandisha basi, tramu, treni na feri, kwa gharama ndogo kuliko teksi.

Tatu, atazame kwa mpango. Aanzie Ayasofya, jengo lililokamilika mwaka 537. Lilikuwa kanisa kwa zaidi ya miaka 900, likawa msikiti baada ya Sultani Mehmed wa Pili kuuteka mji mwaka 1453, likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1935, na Julai 2020 likarudishwa kuwa msikiti. Mimi nililiona mwaka 2019, likiwa bado makumbusho. Siku hizi sehemu ya chini imewekwa kwa ibada, na watalii wa kigeni hulipa kiingilio na kutazama kutoka ghorofani. Mkabala wake upo Msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita, ambao hauna kiingilio. Mavazi yawe ya heshima, viatu vivuliwe, na kina mama wajifunike vichwa.

Katika Topkapi, walikoishi masultani kwa karibu miaka 400, kuna chumba cha athari tukufu zinazonasibishwa na Mtume, na humo Kurani husomwa mfululizo. Sisi tuliopita chuoni kabla ya shule ya Serikali hatuwezi kusimama pale kama watu wanaotazama vyombo vya dukani. Afike vilevile mtaa wa Eyüp, lililopo kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina. Na akumbuke kuwa pwani yetu na mji huo si wageni kabisa: Mir Ali Bey, nahodha wa dola ya Waturuki, alikuja pwani hii kupambana na Wareno, nao wakamkamata Mombasa mwaka 1589.

Mtu wa Visiwani asiyepanda feri ya Istanbul amejidhulumu mwenyewe. Apande Eminönü, upande wa Ulaya, ateremke Üsküdar, upande wa Asia; kisha arudi kwa treni ya Marmaray, ipitayo chini ya bahari tangu mwaka 2013. Hapo watumishi wa Serikali na watazame kwa makini zaidi. Kampuni ya Yapı Merkezi, yenye makao yake katika mji huo, ilishiriki kujenga reli yetu ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024.

Nne, ajihadhari. Siku yangu ya kwanza, mng'arisha viatu alinipita akaangusha brashi yake. Kwetu Iguguno mtu akiangusha kitu huokotewa, nikaiokota, nikamwita. Alinishukuru mno, akapiga magoti, akaking'arisha kiatu changu kabla sijasema neno, kisha akadai fedha ya kutosha chakula cha siku nzima. Nililipa. Baadaye niliambiwa kwamba brashi ile huanguka mbele ya kila mgeni. Simshauri kijana aache wema, ila aokote, atoe, aendelee na njia yake. Fedha za mkopo wa kina mama zisikae katika mfuko mmoja.

Tano, na hili ndilo kubwa, arudi na kitu kisichopimwa kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Kuba la Ayasofya liliporomoka mwaka 558, miaka 21 tu baada ya jengo kukamilika. Wenyewe walilijenga upya, na mwaka 562 jengo likafunguliwa tena. Limepitiwa na matetemeko na tawala nyingi, na bado limesimama. Sisi tunao Mji Mkongwe, uliotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Kuanguka kwa jengo ni msiba. Kutojifunza kutokana na msiba huo ni kosa. Afisa anayepelekwa Istanbul kwa posho ya wananchi na aulize: nani hukagua majengo haya, mara ngapi, na kwa fedha za fungu gani? Akirudi na majibu, safari yake imelipa. Akirudi na viatu vya ngozi peke yake, amewadhulumu waliomtuma.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kijana yule aliniuliza aniletee zawadi gani. Nilimwambia asihangaike na shati. Alipe kwanza mkopo wa kikundi cha mama yake, kisha, siku atakayopita tena kufuata vitunguu, aketi nasi barazani hapa Iguguno atusimulie alichokiona.