Kwa nini mbwa humng'atang'ata bwana wake

WAKAZI wengi wa Kamakis, mtaa ulio kando ya barabara ya Eastern Bypass mjini Ruiru, hufuga mbwa kwa sababu moja tu: ulinzi. Lakini mbwa huyohuyo aliyeletwa awabwekee wezi usiku, bwana wake anapofika langoni jioni humrukia, akamshika kiganja kwa meno na kukitafunatafuna taratibu bila kukijeruhi. Wapo wanaocheka, wapo wanaotafuta fimbo, na wapo, hasa wazazi wenye watoto wadogo, wanaojiuliza kama mnyama huyo ameanza kugeuka.

Kwa kawaida hajageuka. Kung'atang'ata huko ni lugha, na mara nyingi ni lugha ya mapenzi, ya mchezo au ya kuomba kusikizwa. Hata hivyo, si swali la kupuuzwa. Mbwa asiyeeleweka hupigwa, hufungwa mnyororo mchana kutwa au hutupwa kando ya barabara kwa kosa asilolijua. Kwa upande mwingine, mtu aliyezoea kuchezewa na meno ya mbwa anaweza kudharau mkwaruzo mmoja uliostahili kumpeleka hospitalini siku hiyohiyo.

Ili kuielewa tabia hii, sharti mtu aanze na mdomo wenyewe. Mbwa hana mikono. Kila anachotaka kukijua, kukibeba, kukisafisha au kukichezea, hukifikia kwa kinywa. Taya lenye nguvu ya kuvunja mfupa wa mbuzi ndilo ambalo mama mbwa hulitumia kumbeba mtoto wake bila kumchubua. Kwa hiyo jino kugusa ngozi ya mtu si vita. Kinachotofautisha ni nguvu iliyotumika, na nguvu hiyo mbwa hufundishwa kuipima angali mdogo.

Mbwa aliyekomaa ana meno 42. Kati ya hayo, 12 ni meno madogo ya mbele, sita juu na sita chini, yaliyopangana mithili ya kitana. Hayo hayakukusudiwa kurarua. Kazi hiyo ni ya chonge. Mbwa akisumbuliwa na viroboto au kupe huyapitisha meno hayo ya mbele upesi upesi katika manyoya yake, akitafunatafuna ngozi kuwatoa wadudu. Mbwa wawili waliozoeana hufanyiana hivyo shingoni na masikioni, mahali ambapo mwenyewe hawezi kujifikia.

Hapo ndipo siri ya mbwa anayelala miguuni pa bwana wake kisha akaanza kuudonoadonoa mkono au mkono wa sweta kwa meno ya mbele. Anamtendea kile ambacho angemtendea mbwa mwenzake wa karibu. Mbwa hatendi hivyo kwa mtu anayemwogopa. Basi anayefanyiwa hayo na asiumie, amepewa heshima, hata kama heshima yenyewe ina mate mengi.

Kwa watoto wa mbwa, yaani vilebu, mambo ni tofauti kidogo. Kilebu huanza kuota meno ya utotoni akiwa na wiki tatu hivi, na hatimaye huwa nayo 28. Meno hayo ni makali kama sindano, na kila aliyewahi kumpakata kilebu anajua. Ukali huo una faida yake. Taya la kilebu bado ni dhaifu, hivyo anapomng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na kuacha mchezo, lakini hadhuriki sana. Mama naye akiumwa titi wakati wa kunyonya huinuka na kuondoka. Kilebu hujifunza upesi kwamba akiuma sana, mchezo hukatika na maziwa hukatika.

Somo hilo hufundishwa hasa kati ya wiki ya tatu na ya 12 ya maisha yake. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hushauri kilebu asitenganishwe na mama na ndugu zake kabla ya kutimiza wiki nane. Biashara ya vilebu kando ya barabara kubwa za Nairobi na viunga vyake haiujali sana ushauri huo: mnunuzi hupenda kilebu mdogo kabisa, mwenye macho ya kuhurumiwa, na muuzaji naye huona kila wiki ya ziada ni gharama ya chakula. Kilebu aliyeondolewa akiwa na wiki tano hufika kwake mapya akiwa ameacha shule darasa la kwanza. Si mkali, ila hajui kipimo, na wanaomfundisha sasa ni watoto wa binadamu wenye ngozi laini kuliko ya ndugu zake.

Kisha huja kipindi cha kung'oka meno. Kuanzia miezi mitatu au minne hadi karibu miezi saba, meno ya utotoni huanguka na ya ukubwani hujitokeza. Ufizi huwasha na kuuma. Viatu, miguu ya viti, nguo zilizoanikwa na vidole vya wenye nyumba, vyote hutafunwa ili kupunguza adha hiyo. Huo ni msimu wa kuvumiliwa, nao hupita.

Hapa Kamakis ina kosa lake la pekee. Eneo hili limepata jina kwa vibanda na mikahawa ya nyama choma, na wateja wengi hawaondoki bila kufungiwa mifupa ya kumpelekea mbwa nyumbani. Nia ni njema, lakini mfupa uliochomwa au kupikwa hukauka, na ukivunjwa hutoa vipande vyenye ncha vinavyoweza kumkwama mbwa kooni au kumtoboa utumbo. Kilebu anayeota meno ndiye mwenye hamu kubwa ya kuutafuna, na ndiye asiyefaa kupewa. Kitambaa kilicholowekwa maji na kugandishwa kwenye jokofu humtuliza ufizi, na hakigharimu chochote. Mdoli mgumu wa mpira nao hufaa, mradi uwe mkubwa kiasi cha kutomezeka.

Mbwa mkubwa naye hucheza kwa kuumana, na wasiowajua huona ugomvi mahali pasipo na ugomvi. Mtaalamu wa tabia za wanyama Marc Bekoff, wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, alichapisha mwaka 1995 uchunguzi wake kuhusu michezo ya mbwa, mbwamwitu na koyoti, jamaa ya mbweha wa Amerika. Aliona kwamba mnyama huinama kwa miguu ya mbele, matako yakiwa juu, kabla au baada tu ya kumng'ata mwenzake kwa namna ambayo ingeweza kudhaniwa ni ukali. Ni kama kusema: ninachofanya sasa ni mzaha. Mbwa anayemwinamia bwana wake hivyo, kisha akamrukia na kumng'ata mkono kidogo, ametoa taarifa mapema.

Sababu nyingine imetengenezwa na binadamu mwenyewe. Mbwa aliyeshinda ndani ya ua peke yake tangu asubuhi, bwana wake akiwa kazini Nairobi au amekwama kwenye msongamano wa barabara ya Thika, ana njaa ya kuchezewa. Akibweka, hasikizwi. Akitikisa mkia, hasikizwi. Lakini akikishika kidole kwa meno, bwana huruka, husema, humtazama, humsukuma. Kwa mbwa mpweke hata kukaripiwa ni mazungumzo. Kesho atarudia, kwa kuwa dawa imefanya kazi.

Aidha, zipo koo za mbwa zilizozalishwa kwa vizazi vingi kuchunga mifugo, miongoni mwazo German Shepherd, ambaye ni kipenzi cha Wakenya wanaotafuta mlinzi. Baadhi ya mbwa wa kuchunga huwaelekeza wanyama kwa kuwabana visigino kwa meno. Mbwa wa damu hiyo akiona watoto wakikimbia uwanjani, huenda akawafuata na kuwabana nyuma ya mguu, akidhani anaifanya kazi ya babu zake.

Ni vipi basi mtu atabaini kwamba mbwa amevuka mzaha? Atazame mwili mzima, si meno pekee. Mbwa anayecheza amelegea: mgongo unapindapinda, mkia unayumba pamoja na kiuno, mdomo uko wazi. Mbwa anayetishia hukakamaa. Huweza kuganda ghafla, akafumba mdomo, akakodoa jicho pembeni hadi weupe ukaonekana, midomo ikanyanyuka na kuonyesha chonge, sauti ikatoka kifuani. Mkia kutikisika si hoja. Mkia uliosimama wima na kutikisika kwa haraka si wa furaha. Watoto huyakosa maonyo hayo kwa urahisi, na ndiyo sababu mtoto mdogo hapaswi kuachwa na mbwa bila mtu mzima, hata mbwa wa nyumbani.

Mbwa mzee au wa makamo ambaye hakuwa na desturi ya kung'ata kisha akaanza ghafla, anastahili daktari kabla ya fimbo. Jino bovu, sikio lenye usaha au maumivu ya viungo humfanya mnyama mpole ajilinde anapoguswa.

Kuhusu kumwachisha kilebu tabia hiyo, Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Kumpiga puani, kama wengi wafanyavyo, humfunza kuuogopa mkono, na mbwa anayeogopa mkono ndiye atakayeuma kweli siku moja. Kuuchomoa mkono kwa kishindo nako humfurahisha, maana kinachokimbia hufukuzwa. Njia inayofaa ni kuuacha mkono utulie, kukatiza mchezo papo hapo, kumgeuzia mgongo kwa nusu dakika hivi, kisha kumpa kitu halali cha kutafuna na kumsifu akikichukua. Watu wote wa nyumba wafuate sheria moja. Baba akicheza naye mieleka kwa mikono mitupu, mama akamkataza, kilebu hatajua amsikize nani.

Yote hayo yanahusu mbwa mwenye afya anayejulikana. Ila kuna upande ambao mapenzi hayausaidii. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeyagawa katika makundi matatu matukio ya mtu kukutana na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa. Kundi la kwanza ni kumgusa au kumlisha mnyama, au kulambwa mahali ambapo ngozi ni nzima. Hilo halihitaji chanjo. La tatu ni jeraha lililopenya ngozi au mate kuingia kwenye kidonda. Hapo mtu huhitaji chanjo na pia dawa ya kingamwili. Katikati, kundi la pili, WHO imetaja waziwazi kung'atwang'atwa kwa ngozi isiyofunikwa, pamoja na mikwaruzo midogo isiyotoa damu. Anayepatwa na hilo huoshwa na kuanzishiwa chanjo mara moja.

Kwa maneno mengine, kilebu wa kuokotwa anayechezea vidole vya mtoto kwa meno yake ya sindano anaweza kumweka mtoto huyo katika kundi la pili bila tone la damu kuonekana. Wazazi husubiri kuona jeraha, ilhali virusi hupitia hata mchubuko usioonekana.

Ugonjwa huu si mgeni. Kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini Kenya kilikuwa cha mbwa viungani mwa Nairobi, mwaka 1912. Makadirio ya serikali yamekuwa yakitaja watu wapatao 2,000 wanaofariki nchini kila mwaka, na mwaka 2014 mkakati wa kitaifa ulizinduliwa wa kuutokomeza kufikia 2030. Duniani, takriban watu 59,000 hufa kila mwaka. Wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15, na karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza, tiba haipo na mgonjwa hufa. Kabla ya dalili, kinga hufaulu karibu kila mara.

Hali ya Kamakis inafanya jambo hili liwe la karibu. Mabaki ya nyama huvuta mbwa wasio na wenyewe, nao hukutana na mbwa wa nyumbani wanaofunguliwa malango usiku. Mji wa Ruiru, uliokuwa na wakazi zaidi ya 490,000 katika sensa ya 2019, umesongamana majumba na nyua, na mbwa amekuwa sehemu ya kila ua. Wataalamu husema mbwa saba kati ya kumi katika eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kilebu huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka, na cheti huhifadhiwa na mwenyewe.

Mtu akikwaruzwa au kung'atwa na mbwa asiyejulikana, au ambaye chanjo yake haijulikani, mahali hapo paoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kungoja kesho. Kupaka pilipili, majivu au mafuta ya taa hakuui virusi, na huongeza kidonda. Mbwa mwenyewe asiuawe ikiwa anaweza kufungiwa salama. Hutazamwa kwa siku kumi: akibaki mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku ile alipong'ata, na daktari anaweza kuisimamisha chanjo iliyokwisha kuanzwa. Akifa au akionyesha dalili katika siku hizo, ofisi ya mifugo ya kaunti huarifiwa ili kichwa chake kipelekwe kuchunguzwa katika maabara ya serikali ya mifugo iliyoko Kabete.