Uvimbe wa Wilms: seli za figo zilizogoma kukomaa

Ukisikia saratani, pengine unawaza sigara au uzee. Sasa mtoto wa miaka mitatu amevuta sigara lini?

Figo hujengwa na seli changa ambazo kwa kawaida humaliza kukomaa kabla mtoto hajazaliwa. Mara chache, baadhi hubaki changa na baadaye huanza kugawanyika ovyo. Huo ndio uvimbe wa Wilms, uliopewa jina la Max Wilms, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1899. Rabdomiosakoma, saratani ya tishu laini, inafanana nao: seli zake ni kama misuli isiyokomaa. Si kosa la mzazi, wala mtoto hajarogwa.

Dalili kuu ni tumbo kuvimba, mara nyingi bila maumivu, ndiyo maana watu husema ni minyoo au bandama. Wengine hukojoa damu. Tafadhali, usilikande tumbo hilo wala kulichua: uvimbe unaweza kupasuka, seli zikasambaa. Mpeleke hospitali apigwe ultrasaundi.

Penye huduma kamili ya upasuaji na dawa, takribani watoto 9 kati ya 10 hupona. Kwa hiyo wahi, na matibabu yakianza, yamalizwe.