VPN YA PAMOJA MAAFISINI: NAMNA YA KUTAFUTA CHANZO CHA HITILAFU

Watumishi wa afisi zinazotumia usajili mmoja wa VPN kwa pamoja wanakumbushwa kwamba si kila hitilafu inayojitokeza hutokana na ubovu wa intaneti. Hitilafu nyingine hutokana na namna usajili huo unavyogawanywa baina ya watumishi wenyewe. Jambo hili lisipofahamika, kazi husimama, taarifa za mwisho wa mwezi huchelewa, na watumishi huanza kutuhumiana bila ya sababu.

VPN ni mtandao binafsi unaopita ndani ya mtandao wa umma. Kompyuta ya mtumiaji huyafunga mawasiliano yake kwa fumbo, huyapeleka kwenye seva ya VPN, na huko ndiko yanakofunguliwa ili yaendelee na safari yake. Mtu anayenyemelea mtandao wa hoteli au wa bandarini huona kwamba kuna mawasiliano yanayopita, lakini hawezi kuyasoma. Huduma hii hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na kampuni nyingi huweka kikomo cha vifaa vinavyoweza kuunganishwa. Kampuni ya Mullvad, kwa mfano, huruhusu vifaa 5 kwa akaunti moja.

Hitilafu inapotokea, suala la kwanza la kuulizana ni hili: je, tatizo ni la wote, ni la mmoja, au ni la kupokezana? Jibu la suala hilo huonyesha pa kuanzia.

Tatizo la wote

Ikiwa watumishi wote wamekatikiwa kwa wakati mmoja, VPN izimwe kwanza na ufunguliwe ukurasa wa kawaida usiohusu kazi za siri. Ukurasa huo usipofunguka, tatizo ni la intaneti na aitwe anayetoa huduma hiyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Katika siku kama hiyo, kubadilisha neno la siri la VPN hakumfai mtu kitu.

Ikiwa ukurasa unafunguka lakini VPN inawakataa wote, malipo ndiyo ya kuangaliwa. Huenda muda wa usajili umekwisha, au kadi ya benki iliyotumika kulipia imepitwa na wakati, au mtumishi aliyekuwa akipokea ukumbusho wa malipo amehamishwa. Malipo yakiwa sawa, iulizwe kama yupo aliyebadilisha neno la siri bila ya kuwaarifu wenzake. Wakati hilo likichunguzwa, watumishi wasijaribu tena na tena kuingia kwa neno la zamani, kwa sababu baadhi ya kampuni huifunga akaunti kwa muda pale majaribio yanapozidi.

Tatizo la mmoja

Mtumishi mmoja akikwama na wenziwe wanaendelea, kifaa chake ndicho cha kuchunguzwa. Saa na tarehe za kompyuta ziangaliwe mwanzo, kwani vyeti vya usalama vina siku ya kuanza na siku ya kumalizika, na kompyuta yenye tarehe ya uongo huviona vyeti halali kuwa ni batili. Kisha iangaliwe kama programu yake ni ya toleo jipya, na kama neno la siri limeandikwa kwa herufi kubwa na ndogo zinazostahiki.

Baada ya hapo, kifaa kijaribiwe kwa intaneti ya simu. Kikikubali huko, basi mtandao wa mwanzo ndio unaozuia. Programu ya OpenVPN kwa kawaida hupita katika mlango nambari 1194 wa UDP, na mitandao mingine ya wageni huufunga mlango huo. Seva nyingi huweza pia kupokea kupitia mlango 443 wa TCP, unaotumiwa na kurasa za kawaida zenye ulinzi, ingawa mwendo wake huwa wa polepole zaidi.

Inatokea pia kwamba VPN imeunganishwa vizuri lakini tovuti moja, khasa ya benki, inakataa kufunguka. Sababu ni kwamba watu wengi wa kampuni hiyo ya VPN hutoka kwa anwani moja, na tovuti huitilia shaka anwani hiyo. Achaguliwe seva nyingine, wala usajili usilaumiwe.

Tatizo la kupokezana

Hili ndilo linaloleta ugomvi zaidi: mmoja anaingia, mwengine anatolewa. Hapa vihesabiwe vifaa, si watu. Watumishi 4 wenye kompyuta na simu kila mmoja wana vifaa 8, na usajili wa vifaa 5 hauwatoshi. Simu iliyoachwa nyumbani hali programu yake inajiwasha yenyewe huendelea kushika nafasi, ndipo anayechelewa kufika afisini akakuta nafasi zimejaa ijapokuwa ofisini mna watu wawili tu.

Sababu ya pili ni kunakili ufunguo. Katika mfumo wa WireGuard, ulioingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, seva humtambua kila mtumiaji kwa ufunguo wake, na hukumbuka mahali ulipotokea ujumbe wake wa mwisho. Vifaa viwili vikitumia ufunguo mmoja, majibu hupelekwa kwa kile kilichosema mwisho. Vyote viwili huonyesha kwamba vimeunganishwa, na vyote viwili hukwama kwa zamu. Katika OpenVPN pia, seva isipoelekezwa vyengine, cheti kimoja kikitumiwa na vifaa viwili, cha pili humtoa cha kwanza, na cha kwanza kikirudi humtoa cha pili. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Dawa yake ni kila kifaa kupewa ufunguo wake.

Kuzuia ni bora

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila afisi iweke daftari la VPN lenye jina la mtumishi, kifaa chake, tarehe aliyopewa na tarehe aliyoondolewa. Wachaguliwe wasimamizi wawili, ili nambari za uthibitisho zinazotumwa kwa simu zisimtegemee mtu mmoja ambaye pengine yumo ndani ya boti au yuko likizo. Mtumishi anapohamishwa au kustaafu, ufunguo wake ufutwe siku hiyo hiyo. Pale panapowezekana, ununuliwe usajili wa kikundi unaompa kila mtu akaunti yake na kuiletea afisi hati moja ya malipo.

Faida ya utaratibu huu haiishii kwenye wepesi wa kazi. Endapo waraka utavuja au kumbukumbu zitafutwa, na watumishi wanane walikuwa wakitumia jina moja, kumbukumbu za seva zitaonyesha jina hilo moja tu. Mwenye kosa hatajulikana, na asiye na kosa hatakuwa na ushahidi wa kujitetea.

Aidha, ikumbukwe kwamba tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo la kuwataka watu binafsi na kampuni wanaohitaji VPN katika shughuli zao watoe taarifa za matumizi hayo, pamoja na anwani za IP, kabla ya tarehe 30 Oktoba 2023. Afisi isiyojua nani anatumia VPN yake haitaweza kutoa taarifa sahihi ikihitajika.

Kabla ya kumpigia simu fundi, afisi iandike mambo manne: saa ya hitilafu, kifaa kilichohusika, idadi ya vifaa vilivyounganishwa wakati huo, na maneno yaliyotokea kwenye kioo cha kompyuta kama yalivyo. Kwa mambo hayo manne, fundi atajua pa kuanzia kabla hajaondoka kwake.